Kabari za Lamboni

Mimi ni mwenyekiti wa kitongoji, na kama kuna mtu anadhani hicho ni cheo, aje nimwachie leo hii kabla chai haijapoa. Kazi yenyewe ni kusuluhisha watu wanaogombea mpaka, kuwaandikia vijana barua za utambulisho wapate kazi hotelini, na kusimama msibani kutangaza utaratibu wa chakula. Mshahara hakuna. Shukrani ndiyo usiseme. Hayo yote nilikuwa nayamudu, lakini Lamboni ilinichosha mpaka kwenye mifupa.

Lamboni ni upande wa chini wa kitongoji chetu, hapa Karatu. Zamani palikuwa na lambo la kunyweshea ng'ombe. Kila masika udongo wa mashamba ya juu uliteremka ukalijaza, mpaka likawa nusu maji nusu tope, likabaki mali ya mbu na vyura. Mji ukakua, watoto wa watu wakakosa pa kujenga, tukaitisha msaragambo. Kila kaya ilete udongo. Wenye trekta walileta kwa trela, wenye punda wakabebesha punda, na asiye na kitu alijitwika ndoo kichwani. Barabara ilipopanuliwa, kifusi cha nyumba zilizobomolewa nacho kikaja huko, pamoja na mabua, matairi, magunia, na kila takataka ambayo mtu anaona aibu kuitupa mbele ya wenzake. Tukashindilia kwa miguu na nyimbo. Palipoota majani tukagawa viwanja, tukapongezana.

Bibi yetu mzaa mama angekuwa hai asingekubali. Alikuwa Mwiraqw wa zamani, aliamini kwenye maji kuna neetlangw, wenyeji wa huko chini, na mtu mwenye akili hajengi mlangoni kwao. Sisi tulikuwa tumeshabatizwa, tukajenga.

Dada yangu Selestina alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kuhamia. Hakujenga yeye, alijengewa na mwanawe Fabian, ambaye ujanani watu walishasema hatafika popote. Fabian akajifunza udereva, akaanza kupeleka watalii kreta, na kila msimu ukiisha alikuja na tripu ya bloku. Ilikuwa nyumba ya kwanza ya bloku Lamboni, yenye bati la rangi na baraza la mbele. Siku ya kuibariki, dada alimzungusha padri kila chumba, hata stoo. Tangu hapo mtu akisema kitu kuhusu nyumba ile, ni kama amemsema Fabian. Nilishawahi kusema tu kwamba madirisha yake ni madogo, akanikalia kimya mpaka Pasaka.

Sasa, tetemeko si jambo geni kwetu. Tunaishi ukingoni mwa Bonde la Ufa, na kule ng'ambo kuna mlima unaotoa moshi ukijisikia. Sahani zikilia kabatini mtu anashika kikombe chake, anangoja, kisha anaendelea kunywa. Lakini la mwaka huu lilikuwa na hasira. Lilikuja Jumapili mchana, kina mama tukiwa kwenye mazoezi ya kwaya. Mabenchi yalitembea. Kabla hatujamaliza kuita jina la Yesu likawa limekwisha, na pale kanisani, juu kwenye ardhi ngumu, hasara ilikuwa kinara kimoja cha mishumaa kilichoanguka.

Tulishuka Lamboni tukicheka njiani kwa woga. Tulipofika, kicheko kilikwisha. Watu walikuwa wamesimama nje na kuta zao zimepasuka. Kwa Raphaeli, kijana anayeuza mahindi sokoni, chumba wanacholala watoto wake kilikuwa na ufa kutoka dirishani mpaka sakafuni. Niliingiza mkono, ukapita mpaka kwenye kifundo. Kwa dada, ukuta wa nyuma ya kitanda chake ulikuwa umechanika, na mlango wa jikoni haukufunguka mpaka ulipopigwa teke.

"Dada, njoo ukae kwangu," nilimwambia siku ile ile.

"Nina kwangu," akajibu, akachukua fagio akaanza kufagia vumbi la saruji.

Tumezaliwa wengi, tumebaki wawili. Magoti yake ni mabovu, akiamka usiku anajishikilia kwenye ukuta ule ule uliochanika. Kuanzia siku ile sikuwa na shida nyingine duniani zaidi ya kumtoa dada yangu mle ndani akiwa hai.

Nikaanza safari za maofisini. Ofisi hii ikanituma ile, ile ikanirudisha hii. Nilikaa kwenye mabenchi mpaka nikayajua lipi lina msumari. Vijana wenye vitambulisho shingoni waliniita mama kwa adabu zote, wakaniambia suala langu linashughulikiwa. Nilifika mahali nikisikia neno hilo kichwa kinaniuma upande mmoja. Mwishowe, nadhani kwa sababu walichoka kuniona, wakaleta watu na mashine ya kutoboa ardhi. Wiki kadhaa baadaye nikaambiwa mtaalamu wa miamba na udongo atakuja Jumatatu kupitia nyumba moja moja. Nyumba atakazokuta zimeanza kuharibika atazipiga alama nyekundu, na wenye alama watapewa viwanja vipya kule juu, upande wa barabara ya Qurus, kabla ya masika.

Nikatangaza kanisani, nikatangaza sokoni, nikapita mlango kwa mlango Lamboni. Nilisema kwa Kiswahili na nikarudia kwa Kiiraqw, ili asije mtu akasingizia lugha. "Anakuja kuangalia nyufa. Msiguse kitu. Acheni nyumba zilivyo."

Hapo ndipo nilipowasahau watu wangu. Ukimwambia mwenyeji wa huku kwamba mgeni anakuja na asihangaike, ndiyo umemwambia achinje kuku. Mgeni haonyeshwi godoro lililochanika. Isitoshe, kila ukaguzi tuliowahi kuuona ni wa bwana afya kukagua vyoo, na anayekutwa mchafu anapigwa faini. Kwa hiyo waliponisikia nikisema msiguse, wakaelewa kwamba mwenyekiti ni mstaarabu, hataki kuwasumbua, basi na wao wasimwangushe.

Jumatatu asubuhi nilishuka Lamboni kumpokea mgeni. Harufu ya rangi ilinipokea kabla sijafika. Clemensi, fundi wetu wa kupiga lipu, alikuwa anaosha mwiko wake kwenye ndoo, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Mwisho wa wiki wote alikuwa akiziba. Nyumba zilikuwa zimenyooka usoni kama bibi harusi.

"Clemensi," nikasema. "Umefanya nini?"

"Mwenyekiti, usipoziba ufa utajenga ukuta," akanijibu kwa fahari, akitegemea nitamsifu.

Sijawahi kuuchukia msemo wa wahenga namna ile. Nilikaa juu ya jiwe. Nilitaka kulia, nikaona hata kulia kunahitaji nguvu.

Mtaalamu akashuka kwenye gari ya ofisi. Alikuwa binti mrefu mwenye mabuti ya vumbi, jina lake Nasieku, Mmasai wa Wasso. Aliniamkia shikamoo, akapokea mkono wangu kwa mikono miwili, akaniuliza habari za nyumbani kabla ya kazi. Nikampenda, jambo lililoniongezea uchungu. Tulipoanza kutembea akanieleza matokeo ya ile mashine.

"Mama mwenyekiti, juu pamekauka tu. Ukienda chini kidogo ni maji na kifusi. Ardhi ngumu ikitikiswa inatikisika tu. Hii ikitikiswa inakorogeka kama uji, na kilicho juu yake kinazama upande mmoja."

"Sasa si uandike hivyo, wahame wote?"

"Nimeandika. Ila viwanja vilivyopatikana ni vichache. Tumeagizwa tuanze na nyumba zenye dalili. Nyingine zitangoja bajeti."

Bajeti naijua. Niliwahi kungoja zahanati ya bajeti mpaka mimba zilizokuwa zikiisubiri zikaanza shule.

Tukapita nyumba kwa nyumba. Kila mlango ulifunguliwa kwa tabasamu. Kwa Raphaeli, chumba cha watoto kilikuwa cha kijani kibichi, na pale nilipoingiza mkono wangu palitundikwa kalenda. Kitanda kilitandikwa shuka jipya lililoning'inia mpaka chini.

"Hapa palikuwa na ufa," nikasema.

Nasieku alipapasa ukuta, akanusa vidole vyake. "Kulikuwa na nini hapa, kaka?"

Raphaeli alinitazama mimi, akamtazama mke wake aliyekuwa na mtoto mgongoni. Nikaona jinsi aibu na woga wa faini vinavyopigana usoni mwa mtu. "Mistari midogo tu," akasema. "Imeshatengenezwa."

"Raphaeli!"

"Mwenyekiti, tumeshatengeneza."

Ilikuwa hivyo kila tulikoingia. Nasieku aliandika, akashukuru, akatoka. Njiani akaniambia kwa upole, "Mama, naona rangi mbichi, si kwamba sioni. Lakini nikiandika nyufa ambazo hazipo kwenye picha, ripoti yote itarudishwa. Na sina ruhusa ya kubomoa lipu ya mtu bila ridhaa yake."

Nyumba ya dada tuliiacha ya mwisho kwa sababu iko chini kabisa, pale lambo lilipokuwa na kina. Selestina alitungoja barazani, kitenge kipya, kitambaa kichwani. Alimpima mgeni kuanzia mabuti mpaka nywele.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa Koinet, mama. Kutoka Wasso."

"Mmasai."

"Ndiyo mama."

"Zamani babu zako walikuja huku kutuchukulia ng'ombe. Wewe umekuja kuchukua nyumba?"

"Ng'ombe walikuwa wetu, mama, walipotea njia tu wakaja kwenu," akasema Nasieku bila kupepesa. "Nyumba sina haja nayo."

Dada alicheka mpaka akashika goti. Utani huo ukishapita, mtu ni wa nyumbani. Akatuingiza sebuleni, akamkalisha Nasieku mezani, akaleta birika la chai ya maziwa. Kikombe cha mgeni alikijaza mpaka mdomoni, kwa sababu kikombe pungufu kwa dada yangu ni tusi. Meza ilikuwa imefunikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, cheupe, kilichoshuka pande zote mpaka karibu na sakafu.

Nasieku alimwomba ruhusa akapitia vyumba, akarudi. Ukuta wa nyuma ya kitanda ulikuwa umepigwa rangi ya maziwa. Mlango wa jikoni ulikuwa umerandwa ukawa unafunguka kwa kidole.

"Mama, tetemeko halikuharibu kitu humu?"

"Hakuna kitu," dada akasema.

"Dada, mwambie ukweli."

"Ukweli gani? Nyumba hii kaijenga Fabian. Fabian hajengi upuuzi."

"Sijamsema Fabian! Nasema ukuta ulichanika, mimi niliuona, wewe uliuona!"

"Germana," akasema polepole, kwa sauti ya mama yetu, ile ya kunikumbusha nani alimbeba nani mgongoni, "usinivunjie heshima mbele ya mgeni."

Nasieku alifunika kalamu yake. Nilimwona ameifunika. Nilifikiria gari inaondoka, masika yanaingia, dada analala chini ya ukuta uliopakwa maziwa, na mimi nimekaa juu kwenye ardhi ngumu nasikiliza sahani zangu kabatini. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilishindwa hata kuinua uso. Nikawa nimeinamisha kichwa naangalia chini, kwenye pindo la kitambaa cha meza. Na pale chini, kwenye mwanya kati ya pindo na sakafu, nikaiona kabari.

Nilikuwa naiona miaka yote. Ndiyo maana sikuwahi kuiona. Miguu miwili ya meza, ile ya upande wa chini, ilikuwa imekalia vipande vya mbao. Kabati lilikuwa navyo. Kitanda cha dada kilikuwa navyo, maana mara ngapi nimejigonga dole gumba hapo nikitandika. Lamboni yote wanaishi hivyo. Mtu akihamia ananunua kitanda, godoro na kabari, wala hajiulizi.

Sikuomba ruhusa. Nilipiga magoti, nikaingia chini ya meza pamoja na uzee wangu, nikainua kwa bega na kuchomoa kabari moja, kisha nyingine. Meza ikashuka. Juu yangu nikasikia kikombe kikiteleza, chai ikamwagika, ikakimbia kwenye kitambaa cheupe upande mmoja tu, upande wa lambo. Nasieku aliruka suruali ikiwa imelowa.

"Germana!" dada akapiga kelele. "Umerogwa?"

Nilitoka chini ya meza nikiwa na kabari mkononi, nimekosa pumzi. Nasieku hakusema kitu kuhusu suruali. Alitoa kwenye mkoba wake pima maji ndogo ya fundi, akaiweka sakafuni. Kile kipovu cha ndani kikakimbilia pembeni kikagoma kurudi. Akaihamishia chumbani, kikagoma. Jikoni, kikagoma.

"Fundi alikuwa mlevi," dada akasema haraka. "Sakafu aliimwaga vibaya."

"Inawezekana, mama. Lakini sakafu iliyomwagwa vibaya inakuwa mbaya siku ya kwanza, inaishia hapo." Akaichukua ile kabari kwangu, akaigeuza. Ilikuwa mbao tatu zilizopigiliwa pamoja kwa misumari. Ya chini ilikuwa nyeusi kwa uzee, ya kati imepauka, ya juu bado ina harufu ya msumeno. "Hii imekuwa ikiongezwa."

Dada alichukua kitambaa cha jikoni akaanza kufuta chai, akifuta palipolowa na pasipolowa.

Nasieku akapiga picha sakafu, pima maji, kabari. Akafunua kalamu. "Hii moja naweza kuiandika," akaniambia. "Zile nyingine nimeshazipitia, sikuona kitu. Gari inanisubiri."

Nilifurahi. Nasema kama ilivyokuwa, nilifurahi. Nilipata nilichokitaka, na kwa dakika ile sikumkumbuka mtu mwingine yeyote. Nilikuwa tayari kumsindikiza mgeni garini nirudi nikagombane na dada yangu aliye hai.

Selestina ndiye aliyeacha kufuta.

"Na watoto wa Raphaeli?" akauliza.

"Mama?"

"Kitanda chao kina matofali. Upande wa chini. Niliyaona nilipowapelekea maziwa, wakati mama yao amejifungua. Shuka lile wametandika leo ili wayafiche." Alizungumza akiwa anatazama kitambaa chake kilichoharibika. "Mimi ni mzee. Nikiangukiwa na ukuta mtasema marehemu alikula chumvi nyingi. Wale watoto hawajala hata ya mboga."

Akanyoosha mkono, Nasieku akampa kabari. Dada yangu akajitanda kitenge, akatoka nje kwa magoti yale mabovu, akitangulia. Tukamfuata sisi wawili nyuma yake, na sikuthubutu kumshika mkono.

Kwa Raphaeli alipiga hodi akaingia bila kungoja karibu, kama mzee wa huku anavyoruhusiwa, akaenda moja kwa moja chumba cha watoto, akainua shuka. Matofali yale pale. Raphaeli alikuja amefura.

"Bibi, ndiyo nini kunifunulia kitanda changu mbele ya watu?"

Selestina akainua kabari yake, akamwonyesha. "Yangu hii. Ya meza. Ya kitanda iko nyumbani, ni nene zaidi. Wameshaniandika." Raphaeli akaitazama ile mbao muda mrefu. Yule alikuwa mama mwenye nyumba ya kwanza ya bloku Lamboni, aliyempitisha padri mpaka stoo. Kama yeye anayo, nani atajifanya hana? Raphaeli akasogea, akaitoa kalenda ukutani mwenyewe. Kisha akachukua shoka la kuni, akaigonga rangi ya kijani kwa kisogo cha shoka mpaka lipu ikadondoka.

Baada ya hapo sikuwa na kazi. Dada alikwenda mbele na mbao yake, hodi kwa hodi, Nasieku nyuma yake na pima maji. Wengine walimtukana kidogo, kwa heshima. Wengi walienda wenyewe chini ya vitanda wakatoka na vigae, mawe, vitabu vya shule vilivyofungwa kamba. Mmoja alikuwa ameweka pasi ya mkaa. Clemensi alisimama pembeni na ndoo yake, anaangalia kazi yake inavyobomolewa, akaniambia hata yeye nyumbani kwake kitanda kimekalia mwiko wa zamani.

Jioni ilipofika, alama nyekundu zilikuwa nyingi kuliko viwanja. Nasieku aliniambia hivyo wazi, akipanda gari, suruali yake imekauka na doa la chai. Ina maana nirudi kwenye yale mabenchi. Sawa. Msumari naujua ulipo.

Nilimkuta dada amekaa barazani kwake, simu mkononi. "Mpigie Fabian," akasema. Nikampigia, nikaweka sauti ya nje. Fabian alikuwa juu kwenye ukingo wa kreta, upepo unavuma kwenye simu, watalii wanasikika nyuma wakicheka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unaendesha?"

"Nimesimama."

"Nyumba wameipiga alama, baba. Natakiwa kuhama. Usije ukafikiri umejenga vibaya. Ukuta wako mzuri. Bati lako zuri. Ni huku chini tu, hakuna kitu huku chini."

Upepo ulivuma, nikadhani mtandao umekata.

"Nilijua, mama," Fabian akasema. "Kila nikija nakuta kabari imeongezeka. Nilinyamaza. Nilifikiri wewe hujaelewa, na kwamba ukielewa utashindwa kulala."

Dada alifunga macho. "Na mimi," akasema, "nilikuwa nazificha usizione wewe."

Niliinuka nikaenda kusimama karibu na kisima, kwa sababu kuna vitu hata mdogo wa mtu hapaswi kuvikodolea macho.

Kesho yake dada akaja kwangu. Vijana walibeba kitanda, kabati na meza. Alikuwa hanisemeshi. Kumwaga chai ya mgeni na kuingia chini ya meza yake si jambo la kusamehewa kwa usingizi mmoja, na sikutegemea. Alipanga vitu vyake chumba cha mbele, akakataa msaada wangu, akaniagiza kwa kupitia mjukuu wa jirani nimletee sukari.

Mchana nilipika chai ya maziwa. Nikamkuta ameshatandika meza yake kwa kitambaa kingine, cha bluu. Nikakijaza kikombe chake mpaka mdomoni, nikakiweka mbele yake. Chai ikamwagika, ikakimbia kwenye kitambaa, ikamwangukia mapajani.

Nikainama kuangalia. Alikuwa ameiweka kabari, ile ya mbao tatu, chini ya mguu wa meza, upande ule ule wa kila siku. Wala hakujua kama ameiweka.

Selestina aliitazama chai, akaitazama sakafu yangu. Nikafikiri anakuja kunigombeza.

"Germana," akasema, neno lake la kwanza kwangu tangu jana, "kwako kumepinda."

"Hapajapinda, dada. Hapa ndiyo pamenyooka."

Nilikaa sakafuni nikaichomoa kabari, polepole safari hii, meza ikatua sawa. Nikampa. Aliishika mapajani kwa mikono miwili, kwenye kitenge kilicholowa chai, akalia kwa sauti kama mtu aliyepewa ruhusa, na mimi nikalia naye, maana nilikuwa nimechoka sana na hatimaye palikuwa na mahali pa kukaa.